Bi Hodi

Siku alipohamia katika mji ule wa baridi, Mwanakheri alisimama mlangoni kwa jirani na sahani ya vitumbua, akaita kama alivyolelewa: "Hodi! Hodi!"

Mzee alifungua, akajigusa kifua. "Otmar." Kisha akamwonyesha yeye kwa kidole, akatabasamu. "Hodi."

Mwanakheri hakuwa na lugha ya kumsahihisha. Basi akawa Hodi, hata kwa muuza mikate.

Jumapili moja, mikono imejaa unga, akasikia nje ya mlango wake: "Hodi! Hodi!"

Moyo ulimruka. Tangu aondoke kwao hakuna aliyempigia hodi.

"Karibu!" akapaza sauti. "Karibu ndani!"

Otmar aliingia na ile sahani, imejaa matufaha, uso umenuna kidogo. Akajigusa kifua taratibu, kama anayefundisha mtoto. "Otmar."

"Haya, karibu, Otmar!" Mwanakheri alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mzee alikuna kichwa, kisha akaliridhia jina lake jipya.

Asubuhi iliyofuata, kwenye mlango wa mzee, kibao cha jina kilikuwa kimeongezwa neno kwa rangi mbichi: KARIBU OTMAR.