Zamu ya Atupele

Kila nyumba mtaani ilikuwa na mtambo wenye punje moja iliyozaliwa kwa kuminya metali adimu pamoja na gesi, kwa nguvu ya kutisha. Punje ilitoa umeme wa bure. Ila mgandamizo ukilegea iligeuka vumbi, hivyo sheria ilitaka mtu mmoja abaki nyumbani, akaze usukani wa mtambo kila saa. Atupele alipewa zamu hiyo siku alipoolewa, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Asubuhi moja mdogo wake, Sekela, alifika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi.

“Mama anakuulizia, dada. Nenda, nitakaza mimi.”

Atupele alizinusa ndizi, akakumbuka ukungu wa kwao na vicheko vya jikoni walipokuwa wakimenya pamoja. Akavaa viatu, akatoka.

Ndani ya basi aligundua mkono wake wa kulia unazunguka wenyewe, ukikaza hewa. Akauficha chini ya khanga.

Jioni mama alimkumbatia mlangoni, akacheka kwa furaha. “Bado unajua kunipapasa mgongo, mwanangu!”

Mkono wa Atupele uliendelea kuzunguka mgongoni mwake.