Wote Wanainuka

Nestory alitema damu kwenye kikombe cha chai, akafuta mdomo kwa kiganja, akarudisha wimbo mwanzo. Ukunga wa kwanza, yowe la kufungulia wimbo, haukuwa mkali vya kutosha.

Alikuwa amejifungia chumbani kwake Kirumba, gitaa la umeme mapajani, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za bodaboda. Hii ilikuwa albamu yake ya nne. Zote alizitunga mwenyewe, akazipiga mwenyewe, akazirekodi mwenyewe, kwa sababu Mwanza nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyezitaka. Redio zilimwambia rock haina wasikilizaji. Jirani yake Ngosha alimcheka waziwazi: "Rock ya nini tena hapa? Mawe tunayo mpaka ziwani!"

Albamu ya kwanza ilisikilizwa na Nestory na mkewe Rebeka. Rebeka aliishia nusu, akasinzia.

Kisha akaja Dorotea, mama wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa kutoka mwalo mmoja wa wavuvi ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Alikuwa akipita na ndoo kichwani, akamsikia Nestory akifanya mazoezi, akasimama mlangoni kama aliyeitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi niwekee kwenye flashi. Kule kwangu wananisumbua kutwa nzima. Nimewapigia bongo fleva, nimewapigia kwaya, wapi! Hata hawatikisiki. Hii ndiyo itakayowaweza."

Aliporudi, alikuwa anacheka tangu barabarani.

"Mwanangu, umewamaliza! Ukianza tu, wote wanainuka. Habaki hata mmoja chini!"

"Wote?"

"Wote! Na wengine wanatoka visiwani kule, wanakuja makundi kwa makundi."

Nestory aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta waya, ili mama wa watu asimwone akilia. Miaka yote ile alikuwa akingoja kusikia neno hilo.

Akarekodi albamu ya pili, akarekodi ya tatu. Kila mara Dorotea alikuja na flashi yake na kopo la dagaa la kushukuru, na kila mara alikuwa na ombi lilelile.

"Ile ya zamani wameshaizoea. Wanatulia tu, wanatazama."

"Wanainuka zaidi wapi?"

"Pale unapopiga ukunga. Ongeza ukunga, mwanangu. Hayo maneno yako wala hawana habari nayo."

La maneno lilimuuma, maana alikuwa akiyakeshea. Lakini alilimeza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa, akalitia damu.

Koo lilipoanza kuvimba, Rebeka alimburuta hospitali. Daktari alimulika, akatikisa kichwa. Akae kimya mpaka kidonda kipone. Akipiga kelele tena, sauti itaondoka, na ikiondoka hairudi. Walipotoka nje, Rebeka alimshika mkono kwa nguvu.

"Baba Odeta, nakuomba. Mtoto bado mdogo. Atakuja kukukumbuka kwa sauti gani?"

"Kuna watu wananisubiri," alisema Nestory kwa sauti ya mkwaruzo. "Wewe tangu uzaliwe umewahi kuinukiwa na watu?"

"Mimi niliinuka. Siku ile kanisani, uliponiimbia. Nilisimama peke yangu mbele ya watu wote."

Nestory alijiambia moyoni kwamba mmoja si wote, na kesho yake akafunga mlango wa chumba, akawasha mashine.

Ukunga wa mwisho wa albamu ile ulitoka nusu. Nusu nyingine ilikuwa pumzi tupu. Tangu hapo akifungua mdomo ilitoka pumzi, na baadaye hata kunong'ona kukamshinda. Odeta akimwita, alimwitikia kwa kupiga makofi. Mwanzoni mtoto alidhani ni mchezo, akawa anacheka. Siku hizi alikuwa ameacha kumwita. Rebeka naye hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Lakini albamu ilikuwa imekamilika, na Nestory aliona haifai kuituma. Angeipeleka mwenyewe. Kama hawezi tena kuwaimbia, basi walau awaone, nao wamwone. Alivaa shati jeupe la harusi yake, akaning'iniza gitaa mgongoni, akavuka daraja mpaka Busisi, kisha akapanda bodaboda mpaka mwaloni kwa Dorotea.

Dorotea alimpokea kwa mikono miwili. Nestory alimwonyesha koo, akatikisa kichwa.

"Pole, mwanangu, pole sana," alisema Dorotea, na machozi yakamlengalenga. "Ila umekuja wakati mzuri. Leo wamejaa! Wako nyuma ya banda, kwenye vichanja vya kuanikia. Njoo uwaone mwenyewe."

Kutoka nyuma ya banda zilisikika sauti nyingi, kama za watu wanaogombea nafasi ya mbele. Dorotea alichomeka flashi kwenye spika kubwa iliyofungwa juu ya nguzo. Nestory akanyoosha kola ya shati, akafumba macho, akazunguka kona ya banda na kusimama, tayari kuwainamia.

Ukunga wake ukapasuka juu ya ufukwe. Akasikia wakiinuka, akafumbua macho.

Waliinuka wote kama alivyoahidiwa, hakubaki hata mmoja chini: kunguru, mwewe na yangeyange, na wa mwisho wao akiwa bado na dagaa mdomoni.