Damu ya Namba Kumi na Saba

Kalamu iliwekwa mbele yake kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akairudisha ilikotoka.

"Sitii saini," alisema.

Meneja wa kiwanda cha mikoba alishusha pumzi. Karatasi iliyokuwa mezani ilikuwa fupi: goti la mfanyakazi limesagika kwa sababu ya umri, kazi haihusiki, mfanyakazi anakubali kwenda nyumbani kuanzia leo. Wanawake kumi na mmoja wa safu ya mashine za vifungo walishatia saini karatasi kama hiyo, mmoja baada ya mwingine, na unga wao ukamwagika kimyakimya. Huyu alikuwa wa kumi na mbili, na ukimya haukuwa fani yake.

Kiwandani walimwita Mama Kanyaga. Miaka ishirini na miwili alikuwa akikanyaga kwa mguu wa kulia kanyagio la chuma, gumu, linalotaka uzito wa mwili mzima, mara elfu mbili kwa siku. Hakudai makubwa. Alitaka ahamishiwe meza ya kukata ngozi, na kanyagio lile libadilishwe kabla halijala goti la mwingine. Lakini hayo yangewezekana tu kama karatasi ingekiri kwamba aliumizwa na kazi.

Daktari wa kiwanda, kijana nadhifu mwenye koti ambalo halikuwahi kuonja hata tone la dawa, alimweleza taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya kike hushuka katika damu. Ikishuka, gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, hukosa mlinzi wake, na mifupa huanza kusagana. Utafiti upo, alisema. Hakuna wa kulaumiwa.

"Sibishi," Mama Kanyaga alisema. "Hata hospitali kuu waliniambia homoni zina mchango wake. Ila damu yangu inazunguka miguu yote miwili, mwanangu. Mbona goti la kushoto ni zima? Na mbona wenzangu wote kumi na mmoja wanachechemea kulia?"

Daktari akajibu kwamba kila mwili una mambo yake. Meneja aliangalia saa.

Mama Kanyaga alikuwa na hasira, na hakuona haya kuwa nayo. Ilianza siku alipozunguka kuwajulia hali wenzake walioondolewa. Kila nyumba aliomba aonyeshwe majibu ya damu yaliyotolewa na daktari wa kiwanda, na kila nyumba alisoma maneno yale yale, tarakimu zile zile, hadi nukta. Ya mwenye miaka hamsini na minane na ya mwenye miaka thelathini na sita hayakupishana hata chembe. Alirudi kwake akashinda hasemi, na wanaomjua wanajua kwamba asiposema yeye, kuna mtu atakiona cha moto.

Zamu yake ya kutolewa damu ilikuwa Ijumaa. Zahanati ya kiwanda ni chumba kimoja kando ya geti, chenye kidirisha kinachotazama barabarani, ili foleni isiingie ndani na matope. Unapitisha mkono na kibao chako cha namba, muuguzi anatafuta mshipa, anachoma, ananakili namba. Kuinua macho si sehemu ya kazi yake. Ijumaa hiyo kibao cha Mama Kanyaga, namba kumi na saba, kiliwekwa, mkono ukapita, kichupa kikajaa, na mambo yakaisha kabla king'ora cha zamu hakijalia.

Na leo ndipo wakamwita ofisini, ghorofa ya pili. Binti yake aliomba ruhusa kazini kwake ili amsindikize. Walipanda ngazi wakihema wote wawili, mama kwa goti lake, binti kwa sababu zake. Mlangoni binti alimnong'oneza asiwape hata inchi moja, kisha akajishusha kwenye benchi la nje, taratibu, akingoja.

"Mama, tusipotezeane muda," meneja alisema. "Daktari, msomee majibu yake tumalize."

Daktari alifungua faili. Alisoma namba kumi na saba kwa sauti, na jina la kipimo, kisha tarakimu zile ambazo Mama Kanyaga alishazisoma katika nyumba kumi na moja. Homoni ya kike, alisema, imekwisha karibu yote.

"Umepima wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mara mbili, kwa uhakika."

"Na hakuna kosa."

"Damu haidanganyi, mama."

"Hapo tumekubaliana," alisema Mama Kanyaga, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akaivuta kalamu upande wake. Meneja alikaa vizuri. "Nieleweshe jambo moja tu, daktari, halafu niandike. Mwenye damu hiyo ni mtu wa namna gani?"

Daktari alitabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. "Ni mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, hamsini na kuendelea. Hawezi tena kushika mimba. Ni umri tu, mama, si aibu."

"Andika hivyo, weka na saini yako."

Akaandika. Akaweka saini, na mhuri juu yake.

Mama Kanyaga aliikunja karatasi ile mara mbili, akaitia kifuani, akasimama kwa mguu wake mzima.

"Basi umwambie mwenyewe," alisema. "Mwenye damu yuko hapo nje. Mwanangu, ingia."

Mlango ulifunguka. Kwanza liliingia tumbo, la miezi minane, kisha binti, akiwa ameshika kibao namba kumi na saba.