Tangi la Mtu Mmoja

Ngumi iligonga kioo tena.

"Usifungue," alisema Shemeji.

Ndani ya tangi la chuma, jembamba kama jeneza, alilala mzamiaji kijana, mdogo wa mke wa Shemeji. Ndiyo maana kazini wote walimwita hivyo. Pampu ya kuwapelekea wazamiaji hewa ilikuwa imezimika ghafla, kazi ikiendelea chini kwenye nguzo za gati jipya, na kijana akaibuka kama kizibo, bila kupumzika njiani inavyotakiwa. Sasa tangi lilikuwa likimrudishia mgandamizo wa kilindini, ili hewa iliyonasa damuni imtoke polepole. Aliyejua kuliendesha ni Shemeji peke yake.

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, suti yake ya mpira ikichuruzika maji, mkono mmoja kwenye vali ya hewa, macho kwenye geji ya mgandamizo.

Msimamizi wa ujenzi, aliyekuja mbio kutoka ofisini, alilizunguka tangi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliona kijana analia, midomo inarudia neno lile lile: fungueni, fungueni. Akasema labda hewa imemwishia mle. Shemeji akajibu kuwa hewa ipo tele, kilichomshika ni woga, na woga hauvunji mfupa.

"Simama basi umtazame usoni," msimamizi alifoka. "Una roho ya jiwe wewe?"

"Nikisimama, vali atashika nani? Ukifungua sasa, damu yake itafanya povu kama soda iliyotikiswa." Shemeji alicheka kidogo, meno yameumana. "Dada yake alinikabidhi mtu mzima. Nikimrudisha na mkongojo, nitalala nje."

Jasho lilimtoka. Msimamizi akamwambia angalau apumzike, anywe maji. Shemeji alizungusha vali kwa upole, unywele kwa unywele.

Ngumi ziligonga mpaka damu ikapakaa kwenye kioo. Msimamizi akashindwa kuvumilia. Aliinama juu ya kichwa cha Shemeji na kuwasha kipaza sauti cha tangi, ambacho Shemeji alikuwa amekizima.

"Kiache hicho," Shemeji alisema, kwa mara ya kwanza akisihi.

Sauti ya kijana ilikwaruza chumba kizima.

"Mzee, nitoeni mimi, mwingizeni Shemeji. Tuliibuka pamoja. Wakati ananifungia humu, alikuwa anatambaa."