Tundu la Kupumulia

Ngo, ngo, ngo. Fundi aligonga tangi kwa nyundo, akatega sikio. Yakamjibu mapigo matatu: ngo, ngo, ngo.

"Mume wangu yumo humu!" alipiga yowe. "Yarabi, nimemfungia kwa mkono wangu mwenyewe!"

Ndiyo kwanza amalize kuchomelea mfuniko, akainama, akaviona viatu vya mumewe sakafuni. Pale karakana, anayeingia ndani ya tangi huvua viatu na kuviacha mdomoni mwa tangi, wenzake wajue kuna mtu. Leo haraka zilimpofusha, jamani. Na pa kutokea hapakuwapo pengine. Tangi lilikuwa refu, limepenya ukuta hadi uani, na mfuniko wa upande wa huko mumewe alikuwa ameshauchomelea tangu asubuhi.

"Wifi, tumia gesi!" dada wa mumewe alilia.

"Gesi? Chuma kikiyeyuka si kitammwagikia kichwani!"

"Basi ile mashine ya kukatia!"

"Cheche zote zitaingia ndani. Hewa yenyewe ndiyo hiyo haba."

Akapekua sanduku la vifaa. Ncha ya kawaida ya drili? Kitundu chake hakitoshi, tena kingeacha makali ya kumchana midomo akija kuvuta pumzi. Akachagua msumeno wa mviringo wa kufunga kwenye drili, wenye meno magumu, ule uliobaki mmoja. Chuma kilikuwa na unene wa kidole gumba.

"Mwaga mafuta, wifi. Kidogo kidogo. Usitetemeke, unamwaga pembeni."

Akaendesha drili polepole, japo moyo ulikuwa unamwenda mbio. Akiharakisha, meno yataungua, na hapo tena basi. Ghafla ukasikika mkwaruzo mrefu, tangi zima likitetemeka.

"Anahangaika kutoka," wifi alinong'ona.

"Nyamaza, utanitoa roho!"

Mkwaruzo ukakoma. Akagonga. Kimya. Akaita jina lake, kimya. Machozi yalimziba macho, lakini drili hakuiachia.

Kisahani cha chuma kikadondokea ndani. Tundu lilikuwa safi, halina hata chembe ya makali. Akabandika jicho.

Tangi lilikuwa tupu. Mwisho kabisa, upande wa uani, mwanga uliingia kwa tundu jingine la mviringo, safi vilevile. Jicho likaliziba.

"Mke wangu," sauti ya mumewe ilikuja ikilia, "nilisikia ukigonga, nikajua uliingia kuniletea viatu nilivyosahau huko. Umetokaje humo?"