Kikombe cha Gundi

Ukucha wa Ortwin ulizama kwenye gundi kama kwenye siagi.

Kila gundi ya kuunganishia bawa la ndege ilipochanganywa, kijiko kimoja kiliwekwa kikombeni, mhandisi aikague kama imekauka ikawa ngumu kabla ya kutia sahihi. Hiki cha bawa la kushoto, Ortwin alikuwa amekitilia sahihi bila kukigusa. Ijumaa ile wenzake walikuwa wameshaanza bia.

Leo, kwenye uwanja wa nyasi wa Swabia, Ujerumani, ndege yao mpya ya kuelea hewani, yenye viti viwili na injini ndogo, ilikuwa inanguruma.

"Panda basi, mhandisi," rubani alimtania. "Au kazi yako mwenyewe unaiogopa?"

Mafundi wakacheka.

Ortwin alipanda, kikombe mkononi, akafunga mkanda. Rubani alipotaka kuiondoa ndege, Ortwin alimwekea kikombe kile mapajani.

"Bonyeza," alisema.