Mirunda Haitoki Leo

Fundi mkuu Mwanvua aliugonga mrunda wa kwanza kati ya miti ile iliyobeba zege la ghorofa, na machale yakamcheza.

"Mirunda haitoki leo. Vijana, tokeni nje wote!"

Tajiri mwenye jengo alifoka. "Siku za zege kukauka zimetimia! Mimi nina karatasi ya injinia, wewe una nini?"

"Nina watu kumi na wawili, na kila mmoja ana mama yake." Mwanvua alimsogelea, nyundo mkononi. "Roho yangu imekataa, bosi. Kama unaliamini zege lako, ingia ugonge mwenyewe!"

Akamsukumizia nyundo kifuani.

Tajiri aliipokea. Mafundi walisimama juani, wakimtazama. Kiatu chake kilifika ukingoni mwa kivuli cha zege, kikasita hapo.